Barua ya wazi kwa wasimamizi wa migodi: njooni mpime kwenye kuta zetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini, Tume ya Madini, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na mameneja wa migodi yote inayolipua mwamba jirani na makazi ya watu.

YAH: MITETEMO YA BARUTI NA NYUMBA ZA TOFALI ZA UDONGO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchorongaji mstaafu. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa kwenye kikosi cha kuchoronga na kulipua cha mgodi mmoja wa dhahabu huku Kanda ya Ziwa: minne ya kwanza nikiwa kwenye mashine ya kuchoronga, saba iliyofuata nikijaza mashimo baruti. Sasa ninaishi mita kama 800 kutoka ukingo wa shimo, upande wa pili wa uzio. Nimekula mshahara wa baruti, na leo ninalala chini ya dari inayodondosha vumbi lake. Ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe, badala ya kungoja mtu mwingine aandike jambo ambalo mimi ninalijua kwa mikono.

Saa kumi alasiri king'ora hulia. Bibi jirani yangu huepua sufuria, humbeba mjukuu, hutoka na kusimama chini ya mwembe. Kinachotangulia ni mtikisiko: huja kupitia nyayo, mara moja, na huwa umekwisha kabla hujasema neno. Kimya. Kisha, sekunde mbili na kitu baadaye, mshindo hufika kwa njia ya hewa na mabati ya nyumba zote hulia pamoja. Watoto wa hapa huhesabu katikati ya hayo mawili kama mchezo. Hesabu yao ni sahihi kabisa. Ndani ya mwamba mgumu kama granaiti, mawimbi ya kwanza hukimbia kilomita 5 hadi 6 kwa sekunde. Hewani, sauti hukimbia mita 340 tu. Kwa mita 800, habari ya ardhini hutufikia kabla robo ya sekunde haijaisha, na ile ya hewani huchelewa.

Nimeanza na hilo kwa sababu malalamiko mengi hupotelea hapo hapo. Mwananchi husema, "Mshindo umepasua nyumba yangu." Mtaalamu hufungua daftari na kujibu kwamba kipimo cha sauti siku hiyo kilikuwa cha kawaida. Wote wawili husema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Kinacholiza mabati na kutikisa vioo vya madirisha ni hewa. Kinachosogeza msingi ni ardhi, nayo haipigi kelele.

Naomba niwashushe kidogo shimoni, kwa sababu ombi langu linatokana na yanayotokea kule chini.

Shimo la baruti ni jembamba, kwa kawaida sentimita 10 hadi 20 kwa upana, na urefu wake ni mita kumi au zaidi. Chini tunaweka detoneta, yaani kiwashio, ndani ya busta, kipande cha baruti kali cha kuikuza cheche yake, kisha tunajaza baruti. Mashimo makavu hujazwa anfo, yaani amonia naitreti asilimia 94 iliyochanganywa na dizeli asilimia 6. Mashimo yenye maji hujazwa emulsheni, baruti ya uji mzito isiyoharibiwa na maji. Mita za juu hufukiwa kwa kokoto, ndiyo mshindilio, ili moto usitorokee juu. Watu hudhani baruti ina nguvu kuliko kila kitu. Kilo moja ya mkaa mkavu ina joto zaidi ya mara saba ya kilo moja ya anfo. Tofauti iko kwenye haraka. Mkaa huivisha maharage kwa saa nzima na zaidi. Anfo ya shimo zima la mita kumi humaliza kazi yake ndani ya milisekunde mbili au tatu, kwa kuwa moto wake hupanda shimoni kwa kasi ya kilomita 3 hadi 5 kwa sekunde. Na kila kilo hugeuka kuwa gesi ambayo, ingekuwa hewani, ingejaza karibu lita 1,000. Pale shimoni gesi yote hiyo imebanwa kwenye nafasi ya lita moja na ushei.

Sasa mwamba. Mwamba mgumu ukibanwa huvumilia sana, megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 100 hadi 250. Ukivutwa huachia mapema, mara nyingi kwenye sehemu ya kumi ya hapo au chini yake. Fundi mwashi yeyote anaijua tabia hii kwenye zege, ndiyo maana huweka nondo upande unaovutwa. Baruti inaposukuma ukuta wa shimo kwa maelfu ya megapaskali, jiwe la karibu kabisa husagika kuwa unga. Nje ya unga huo, wimbi huendelea kusukuma jiwe kwenda nje. Na duara la jiwe likisukumwa nje ni lazima litanuke, na kutanuka ni kuvutwa. Hapo nyufa hutoka katikati kwenda pande zote, kama spoku za baiskeli. Wimbi likifika kwenye uso wa mwamba ulio wazi hukosa pa kuendelea, likageuka, na linaporudi huwa linavuta badala ya kusukuma. Mwamba humegeka kuanzia nje kuja ndani. Nyuma ya wimbi huja gesi, ikajipenyeza kwenye nyufa na kuzipanua, ikaubeba mwamba mzima kwenda mbele. Nimeuona ukifanya hivyo mara nyingi, na bado kila nikiukumbuka hunisisimua: ukuta wa jiwe unavimba kama tumbo la mtu anayevuta pumzi, kisha unalegea wote na kuanguka.

Mbali kidogo na hapo wimbi linakuwa limechoka. Haliwezi tena kuvunja jiwe. Hulipita tu, chembe za mwamba husogea na kurudi zilipokuwa, na wimbi huenda zake. Hilo ndilo linalokuja kijijini. Huja la kusukuma na kuvuta kwanza, likafuatiwa na la kuyumbisha ubavu kwa ubavu, na mwishoni yale yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, ambayo hudumu zaidi na kupungua polepole kuliko wenzake. Nyumba ya mwananchi imekaa juu ya uso huo huo.

Mameneja, hili ni lenu. Mtetemo unaotufikia ni nguvu mliyoilipia ambayo haikuvunja mwamba wenu. Mlipuko mzuri wenye uso wazi mbele yake huutumia mwamba kama mlango: mwamba unasogea, nguvu inatoka. Safu ya mashimo ikipangwa mbali mno na uso huo, au vifusi vya mlipuko uliopita vikiachwa vimeegemea ukuta, mwamba hukosa pa kusogea na nguvu hurudi nyuma, ardhini, kuja kwetu. Siku za namna hiyo ninyi hubaki na mabonge makubwa yasiyoingia kwenye mashine ya kusaga, na sisi hubaki na vumbi la dari. Kwenye kikosi tulikuwa tukiijua siku mbaya hata kabla ya kwenda kuangalia, kwa jinsi ardhi ilivyopiga miguuni.

Kanuni hizi hazibadiliki kwa ukubwa wa baruti. Tarehe 19 Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia la kilotani 1.7 ndani ya mlima huko Nevada, jaribio lililoitwa Rainier, na mionzi yake ikabaki humo humo ndani ya mwamba. Lakini mtikisiko ulitoka, na vipima matetemeko viliunasa hadi Alaska. Tarehe 3 Septemba 2017 Korea Kaskazini ililipua bomu chini ya mlima Mantap. Vituo vya dunia nzima viliupokea mtikisiko huo, na Wamarekani wakaupa ukubwa wa 6.3. Dakika kama nane na nusu baadaye kikaja kishindo kidogo cha pili: mwamba uliopasuliwa uliporomokea ndani ya tundu. Siku hiyo hakukuwa na mpimaji wa nje karibu na mlima ule, na bado hayo yote yalijulikana. Mojawapo ya vituo vikuu vya mtandao wa dunia wa kusikiliza majaribio ya nyuklia kipo Kilimambogo, Kenya. Kimojawapo cha vituo vya kusaidia kipo Mbarara, Uganda. Dar es Salaam kuna kituo cha mtandao huo huo kinachonusa chembe za mionzi hewani.

Wataalamu wa vituo hivyo hutenganisha bomu na tetemeko la asili kwa kusoma mstari wa kipimo. Tetemeko la asili ni mwamba unaoteleza kwenye ufa mkubwa, hivyo vituo vya upande mmoja husukumwa kwanza na vya upande mwingine huvutwa kwanza, na mawimbi ya kuyumbisha huwa na nguvu sana. Mlipuko husukuma pande zote kwa mara moja. Wimbi lake la kwanza ndilo lenye nguvu na yanayolifuata huwa hafifu. Mstari wa karatasi unatosha kumweleza mtu aliye Vienna, yaliko makao makuu ya mtandao huo, kilichotokea ndani ya mlima wa Korea.

Nayasema hayo kwa sababu tulipopeleka malalamiko ya nyufa, mgodi ulio jirani yetu ulitujibu kwamba nyufa hizo ni za tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko lile, la ukubwa wa 5.9, lilipiga saa tisa na dakika 27 alasiri, likaua watu Bukoba na kubomoa maelfu ya nyumba, na hata huku tulilihisi. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya nyufa zetu ni zake. Lakini nyumba nyingine zilizo na nyufa zimejengwa baada ya mwaka huo, na mwenye kuzijenga ndiye aliyezipiga plasta. Tulipoomba kuonyeshwa karatasi ya kipimo ya siku yoyote, mojawapo tu, tuliambiwa ni siri ya kampuni. Mtikisiko ulioingia chumbani kwangu nikiwa nimeketi kitandani umekuwaje siri?

Kuna hesabu moja ambayo kila mlipuaji anaijua, na nadhani wananchi nao wanapaswa kuijua. Mtikisiko hupimwa kwa milimita kwa sekunde. Hiyo ni kasi ambayo chembe ya udongo husogea pale pale ilipo, wala isichanganywe na kasi ya wimbi lenyewe. Ukitaka kuikadiria kabla ya kulipua, chukua umbali wa nyumba kwa mita, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha kilo za baruti zinazolipuka kwa wakati mmoja. Jibu likiwa kubwa, mtikisiko ni mdogo. Kwa kanuni ya wastani inayotumika Australia, kilo 100 zikilipuka pamoja, nyumba iliyo umbali wa mita 500 hupata kama milimita 2.2 kwa sekunde. Zikiwa kilo 400, hufika 6.6. Baruti mara nne, mtikisiko mara tatu. Ukiusogeza mlipuko mbali mara mbili, mtikisiko hushuka hadi theluthi.

Tilieni mkazo maneno haya: kwa wakati mmoja. Mlipuko wa alasiri unaweza kuwa na mashimo mia mbili na tani nyingi za baruti, lakini hayalipuki pamoja. Kila shimo lina zamu yake, likipishana na jirani yake kwa milisekunde kadhaa. Desturi ya siku nyingi ni kwamba mashimo yakipishana kwa milisekunde 8 au zaidi huhesabiwa kuwa mapigo tofauti. Tatizo ni kwamba detoneta za kawaida hucheleweshwa na unga unaoungua ndani yake, na unga haufuati saa. Detoneta iliyoandikwa milisekunde 500 huweza kuwahi au kuchelewa vya kutosha kuingia kwenye zamu ya jirani yake. Kwenye karatasi ya mpango ni shimo moja moja. Chini ya ardhi yameshakuwa mawili, matatu. Detoneta za kielektroniki zina saa ndani yake na hukosea kwa chini ya milisekunde moja. Ni ghali zaidi, ninalijua hilo, nilikuwa nikizipokea kutoka stoo na kutia sahihi kila moja.

Sasa niseme jambo ambalo limekaa kifuani mwangu muda mrefu. Siku moja ya masika wingu lilikuwa limeshasimama juu yetu. Mashimo yaliyojazwa baruti hayaachwi wazi na radi ikiwa njiani. Kila mtu kwenye kikosi alikuwa na haraka. Zilibaki safu mbili za mwisho na vifaa vya kuchelewesha vilikuwa vimetuishia. Msimamizi akaamuru tuziunganishe kwenye zamu moja, tulipue, tuondoke. Nilizifunga mimi, kwa mikono hii. Ardhi ilipiga miguuni kwetu vibaya. Jioni nilipopita kijijini nilimkuta Bibi amesimama kwenye mlango wa jikoni, anapitisha kidole kwenye ufa uliotoka kona ya fremu kwenda juu kwenye paa.

Siwezi kuapa kwamba ufa ule ulikuwa wa siku ile. Ninachoweza kuapa ni kwamba hakuna aliyekuwa na njia ya kujua, kwa kuwa kipima mitetemo chetu kilikuwa kimefungwa langoni mwa mgodi, juu ya zege, lililo juu ya mwamba. Kilisoma namba nzuri. Ripoti ikaandikwa namba nzuri.

Kijiji hakipo juu ya mwamba. Nusu ya nyumba zetu zimejengwa kwenye mbuga, udongo mweusi uleule unaokwamisha matrekta masika na kupasuka kiangazi. Wimbi likitoka kwenye jiwe na kuingia kwenye udongo laini hubadilika: mwendo wake hupungua, mtikisiko wake hukua, na ile mitetemo ya haraka haraka huchujwa ikabaki ya polepole, mara 5 hadi 10 kwa sekunde. Nyumba isiyo na ghorofa, kwa umbile lake, hupenda kuyumba mara 4 hadi 12 kwa sekunde. Aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye pembea anajua kinachotokea ukisukuma kwa mpigo uleule anaoyumba nao. Kwa hiyo kipimo cha langoni, juu ya zege, hakiwezi kusemea jiko la Bibi, hata kama kifaa ni kizima na aliyekisoma ni mwaminifu.

Nitasema na upande wa pili, kwa sababu nimeshakaa huko. Si kila ufa ni wa baruti. Mbuga ikinywa maji huvimba na ikikauka hunywea, na nyumba isiyo na msingi mzuri hupasuka hata kama mgodi uko mkoa mwingine. Jua la mchana na baridi ya usiku husogeza ukuta kila siku. Na mwili wa mtu ni mwepesi kuhisi kuliko ukuta: tunaanza kuhisi mtikisiko ukiwa chini ya milimita 1 kwa sekunde, kiwango ambacho hakipasui hata plasta. Woga wa jirani yangu ni wa kweli, lakini peke yake hauthibitishi kitu. Nimewaambia hivyo majirani kwenye mkutano wa kijiji na wengine walininunia. Ninawaambia na ninyi kwa sababu hiyo hiyo: bila kipimo, wote tunabishana gizani.

Sasa namba za ukomo, maana kila mara tunaambiwa mgodi uko "ndani ya viwango vya kimataifa". Viwango hivyo vimetoka wapi? Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150, kwa mtikisiko wa polepole, chini ya mara 10 kwa sekunde, huweka milimita 5 kwa sekunde kwa nyumba za kuishi, na milimita 3 kwa majengo dhaifu au ya kale. Idara ya madini ya Marekani mwaka 1980 ilipendekeza milimita 19 kwa nyumba zenye kuta za mbao za jasi, na 12.7 kwa zile za plasta ya zamani. Mwaka 1984 Wamarekani hao hao walichapisha matokeo ya jaribio ninalolipenda sana kwa uaminifu wake: walichukua nyumba nzima, wakaifunga mashine ya kuitikisa, wakaitikisa hadi ipasuke. Ufa wa kwanza ulitokea baada ya nyumba kuyumba kwenda na kurudi mara 56,000, sawa na miaka 28 ya kulipua mara mbili kwa siku kwenye kiwango chao. Kazi nzuri. Lakini ile nyumba ilikuwa ya fremu ya mbao.

Nyumba ya Bibi ina msingi wa mawe yaliyopangwa kwa udongo. Tofali zake zimechomwa kwa kuni kwenye tanuri la uani, za katikati zimeiva na za pembeni bado mbichi, na zimeunganishwa kwa tope. Haina lenta. Plasta yake ni ya saruji kidogo na mchanga mwingi. Nyumba ya mbao hupinda na kurudi. Ukuta wa tofali na tope haupindi, huachia kwenye maungio. Hakuna kiwango kati ya nilivyovitaja kilichopatikana kwa kuutikisa ukuta wa aina hiyo. Majirani zetu wa Kenya, kwenye kanuni zao za mwaka 2009, waliandika ukomo wa sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo lenye mtikisiko, yaani milimita 5. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo chini yake. Kilichobaki ni namba iliyotokana na tofali zetu wenyewe.

Ombi langu kwa Waziri na Tume ni kwamba kipima mitetemo kitoke langoni kije kijijini. Kichimbiwe kwenye udongo ule ule uliobeba nyumba, karibu na nyumba iliyo jirani zaidi na shimo kwa kila upande, na kisimamiwe na mtu asiyelipwa na mgodi. Jioni ya kila mlipuko namba zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: saa, umbali, kilo za baruti kwa zamu moja, milimita kwa sekunde zilizosomwa, na mtikisiko ulikuwa mara ngapi kwa sekunde. Mstari mmoja unatosha. Mwalimu wa hisabati wa sekondari ya kata ataweza kuwafundisha watoto kuusoma, na wale wanaohesabu kati ya mtikisiko na mshindo watakuwa na kitu cha kulinganisha na hesabu yao.

Kabla mgodi haujasogeza ukingo wake kuelekea nyumba mpya, kila ukuta upigwe picha, nyufa zilizopo zipimwe upana na urefu, mwenye nyumba atie sahihi na abaki na nakala yake nyumbani. Nasisitiza nakala, kwa sababu niliwahi kuona picha zikipigwa na hatukuziona tena hadi siku ya mabishano, zikiwa mikononi mwa upande mmoja. Zoezi hilo litawalinda wananchi dhidi ya mgodi, na litaulinda mgodi dhidi ya mtu anayeleta ufa wa mwaka juzi kudai fidia ya mwaka huu. Wapo, sitawaficha.

Kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma, na kwa vyuo vyetu vinavyofundisha uhandisi wa migodi: jengeni kuta. Za tofali mbichi, za tofali za kuchoma na tope, za tofali za saruji zilizokosa lenta, kama zilivyo huku, na mafundi wa huku ndio wazijenge. Ziwekeni karibu na mlipuko wa kweli, au zitikiseni kwa mashine kama Wamarekani walivyoitikisa ile nyumba yao, mpaka zipasuke, mtupe namba. Gharama ya kuta kumi za tope si kitu mbele ya baruti ya alasiri moja. Hadi namba hiyo ipatikane, tumieni ule ukomo wa majengo dhaifu, milimita 3. Ninajua milipuko iliyopangwa vizuri inaweza kukaa chini ya hapo, kwa sababu nimeshiriki kuipanga.

Na kwa mameneja, wenzangu wa zamani: fungueni uso wa mwamba kabla ya kulipua. Safu za upande wa kijiji zipeni detoneta za kielektroniki hata kama safu nyingine zitabaki na za kawaida. Siku wingu zito limefunika chini acheni hadi lipite, kwani mshindo wa hewa hurudishwa chini ukaja kutuangukia. Mkiishiwa vifaa vya kuchelewesha, msiunganishe safu. Zipo njia za kulinda mashimo na kuondoa watu hadi radi ipite. Kijana anayefunga ile waya ataikumbuka.

Kwenye nyumba ya Bibi nimebandika vipande vitatu vyembamba vya kioo kwa saruji, kimoja juu ya kila ufa, na kuandika tarehe pembeni. Fundi mwashi mmoja mzee alinifundisha: ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Viwili ni vizima hadi leo. Cha tatu, juu ya mlango wa jikoni, kilikatika wiki ya kwanza ya mvua, wiki ambayo mgodi ulilipua mara nne. Huenda ni udongo uliovimba, huenda ni baruti. Kioo hakina saa. Kifaa chenu kinayo.

Jana nimebandika kipande kipya. Njooni siku yoyote, mradi mfike kabla ya saa kumi alasiri. Viti vitakuwa chini ya mwembe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchorongaji mstaafu,
Kanda ya Ziwa